Baba Alikufa, Baba Yuko Kambini

Siku mliponiaga kwa ile keki yenye ukubwa wa mlango wa gereji, mmoja wenu aliniuliza, "Mzee, katika miaka yote hiyo ya ukalimani, ni neno gani lililokusumbua kuliko yote?" Nadhani mlitegemea nitaje kongosho, au tezi dume, au lile jina la dawa ya kisukari linalotamkwa kama mtu anapiga chafya. Nikacheka, nikajaza keki mdomoni, nikasema nitawaandikia. Sasa naandika. Neno lenyewe ni baba.

Msicheke. Najua hata mtoto wa miezi minane analisema. Hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Nilifika Texas nikiwa na cheti cha darasa la saba kutoka Tanga na mdomo mkubwa kuliko cheti. Kazi ya kwanza ilikuwa kukunja mashuka katika dobi la hoteli moja Dallas. Nilikunja mashuka ya kuifunika Tanga yote na yakabaki ya kuitandikia Pemba. Jioni nilikwenda shule ya watu wazima, karibu na Cedar Hill. Nilikuwa mzee kuliko mwalimu, mzee kuliko jengo, na hakika mzee kuliko ile mashine ya soda ya kwenye korido, ambayo haikuwahi kumpa binadamu soda. Nilipopata cheti cha sekondari nililia mpaka mke wangu akaleta ndoo. Sawa, aliniletea kitambaa. Lakini alifikiria ndoo.

Katika jengo hilo hilo palikuwa na kozi ya ukalimani wa hospitali na ofisi. Mwalimu alikuwa Mama Tabitha, Mkenya wa Nakuru, zamani nesi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha treni. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya darasa akampa mwenzangu sentensi aseme: "Nina njaa kidogo." Mimi nikaigeuza kwa Kiingereza: huyu bwana hajatia kitu tumboni tangu jana na hali yake inatisha.

"Wewe!" Mama Tabitha akasema. "Ni nani amesema tangu jana?"

"Mama, ukimtazama uso wake..."

"Uso wake haukuandikwa kazi hapa. Kaa chini, Chumvi."

Jina likanishika. Hadi leo Cedar Hill nzima ukiuliza jina langu la kweli watakutazama kama askari wa kodi. Na alikuwa na haki. Mimi nikisimulia samaki wa kidole, akifika mwisho wa hadithi anahitaji lori. Mama Tabitha aliamua kunitibu. Kila jioni alirudia maneno yale yale: "Mkalimani ni bomba. Maji yanaingia huku, yanatokea kule. Bomba halitii sukari, halitii ndimu, na wewe Chumvi, halitii chumvi."

Alitufundisha pia kuandika kwa alama, kwa sababu mtu akizungumza dakika mbili mfululizo kichwa hakibebi yote. Daftari dogo, penseli, basi. Penseli, maana kalamu ya wino hufa katikati ya sentensi ya mgonjwa, na mgonjwa hawezi kurudia alivyolia. Kila mtu alibuni alama zake. Homa kwangu ilikuwa jua, maumivu radi, mama fundo la kanga. Baba nilimchora kofia. Aliyekufa nilimwekea msalaba juu, awe Mkristo au Mwislamu, Mungu anisamehe. Kazi ikiisha karatasi inachanwa hapo hapo, mbele ya mwenye siri zake. Sheria hiyo sijawahi kuivunja. Yapo mengine niliyovunja.

Mwezi wangu wa tatu kazini nilipelekwa kliniki kumsemea mzee mmoja Mkongo. Akasema, "Kichwa kinanigonga." Nikajitahidi, wallahi nilijitahidi, lakini Kiingereza kilipofika mlangoni kilikuwa kimevaa suti: kichwa chake kinapasuliwa kwa shoka, sikuzote, kushoto na kulia. Basi madaktari wakaruka kama waliomwagiwa maji ya moto. Kitanda cha magurudumu, sindano, ile mashine kubwa inayounguruma. Baada ya saa tatu mzee katoka mle ndani, nywele zimesimama, ananitafuta. "Kijana, umewaambia nini hawa watu? Mimi nilitaka panadoli."

Barua ya onyo ikaja. Ukiongeza neno jingine, kazi huna. Mama Tabitha, ambaye ndiye aliyenipendekeza, alinisomea barua hiyo akiwa amesimama, na mimi nimekaa kwenye kiti cha wanafunzi chenye meza ndogo ya kushikamana. "Kuanzia leo," akasema, "hata pilipili usiguse."

Nikatii. Vijana, nilitii kupita kiasi, kama nifanyavyo kila kitu. Nikawa bomba safi kuliko mabomba yote ya Texas. Mtu akisema "aa" nilisema "aa". Wakubwa wakanisifu. Nami nilijivunia, na nikawa na hofu, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja kifuani huwezi kujua kipi kinasema.

Hapo ndipo alipokuja Esperansi. Jina si lake. Alikuwa msichana Mrundi, anaishi Mansfield, kazi yake kufunga maboksi katika ghala. Alikuwa na intaviu katika ofisi moja Dallas iliyoshughulikia kuunganisha familia za waliobaki makambini. Siku hizo programu ilikubali hata mlezi, mtu aliyekulea bila kukuzaa, ilimradi maelezo yako yalingane na fomu. Yasipolingana, faili linafungwa.

Alinikuta kwenye viti vya kusubiria, akainama kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, baba. Leo nimekuja kwa ajili ya baba. Kifua kinamsumbua sana, kambini dawa hakuna. Baba, wewe unajua, huyu ndiye ali..."

Nikainua mkono. Sheria inakataza mkalimani kupiga soga na mteja kabla ya kazi, asije akaegemea upande. "Yaseme ndani, mwanangu," nikamwambia. "Ndani nitayabeba yote."

Nataka muangalie hapo. Ndani ya nusu dakika aliniita baba mara tatu, na mimi si baba yake, na mtu wa kambini akamwita baba, na mimi nikaitika bila kushangaa kwa sababu hakukuwa na cha kushangaza. Kwetu neno lina upana huo. Mtoto wa jirani anakuita baba, muuza nyama anakuita baba, mkeo akifurahi anakuita baba fulani. Nililijua hilo kabla sijaota meno.

Ofisa alikuwa kijana mpole, tai imenyooka. Akauliza anamwombea nani.

"Baba yangu," Esperansi akasema.

Nikalisema kwa Kiingereza: baba yangu. Kwa Kiingereza neno hilo ni la mtu mmoja tu, aliyekuzaa.

Ofisa akafunua fomu. Fomu ilijazwa na mzungu mmoja wa kujitolea, mtu mwema, aliyeelewa vizuri: baba mzazi amefariki, mwombewa ni ndugu wa baba. Lakini kwa Kiingereza chao ndugu wa baba na kaka wa mama ni neno moja, wote mnalijua, ankoli. Ofisa akaniangalia. "Hapa imeandikwa ankoli. Muulize, huyu ni ankoli wake?"

Kamusi yetu ya darasani ilikuwa na jibu moja kwa neno hilo. Bomba halichagui. Nikamgeukia Esperansi nikamuuliza:

"Huyu ni mjomba wako?"

Alishtuka. "Mjomba? Hapana. Mimi sina mjomba, mama hakuwa na kaka. Ni baba."

Nikatafsiri. Sina ankoli. Ni baba yangu.

"Lakini fomu inasema baba yako amefariki."

"Ndiyo. Baba alikufa, nikiwa na miaka mitatu."

"Kwa hiyo baba yako yuko hai, au amekufa?"

Esperansi akanitazama mimi, si ofisa. Alinitazama kama mtu anayemtafuta mwenzake wa nyumbani katika umati. Kisha akasema polepole, kama anavyoelezwa mtoto:

"Baba alikufa. Baba yuko kambini."

Na mimi, mwenye samaki wa kubebwa na lori, mwenye shoka la kupasua vichwa, mimi nisiyeweza kusimulia mvua bila kuleta gharika, siku hiyo sikuongeza hata herufi. Nikasema kwa Kiingereza safi: baba alikufa, baba yuko kambini. Ofisa akaweka kalamu chini.

Kwenye daftari langu palikuwa na kofia mbili, moja ina msalaba. Hata penseli ilikuwa imeelewa. Kofia mbili ni watu wawili. Na katika ukurasa ule ule wa somo la bomba, chini kabisa, Mama Tabitha alituandikisha sentensi moja ya kutumia maana inapopotea: mkalimani anaomba ruhusa kufafanua. Sekunde tatu. Unainua mkono, unaisema, unauliza: baba mzazi au baba mdogo? Nilikuwa sijawahi kuitumia. Niliogopa kwamba kufafanua ni kuongeza. Barua ya onyo ilikuwa bado ndani ya droo yangu.

"Kuna lingine?" ofisa akauliza.

"Hapana," Esperansi akasema. "Ni huyo huyo."

Nikatafsiri. Nikachana karatasi. Pale mlangoni akanishukuru: "Mungu akubariki, baba. Umeyabeba yote." Nikarudi nyumbani nikala wali wangu kwa raha. Ndiyo, kwa raha. Nawaambia ili msije mkadhani dhamiri hupiga kengele. Yangu ilikula ikashiba.

Mama Tabitha ndiye aliyeitwa kumsomea Esperansi majibu, kwa sababu mimi siku hiyo nilikuwa Fort Worth. Akanipigia simu.

"Chumvi. Yule msichana wa Mansfield. Wamesema maelezo yanapingana, amekana fomu yake mwenyewe. Ulimuuliza nini?"

Nikamweleza.

"Mjomba? Ulimwambia *mjomba*?"

"Mama, kamusi inasema..."

"Kamusi ndiyo ilikuzaa? Ndugu ya baba ni mjomba, kwenu huko Tanga?"

"Hapana, Mama."

"Mbona hukuomba kufafanua?"

"Mama, wewe ndiye uliyesema mimi ni bomba."

Nilisikia nyuma yake maji yakichemka. "Nilisema bomba," akasema. "Sikusema jiwe."

Ilikuwapo nafasi moja ya rufaa, na wakaruhusu mkalimani aandike barua ya kueleza utata wa neno. Mama Tabitha alitaka aisome kwanza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, barua hii nitaiandika kwa damu ya moyo. Na niliiandika hivyo. Kurasa nne! Baada ya mwaka mzima wa kufungwa mdomo, nilifungua kila kitu. Niliandika kwamba katika Afrika yote, kutoka Alexandria hadi Cape Town, hakuna tofauti yoyote kati ya baba mzazi na ndugu zake. Kwamba mtu wa kwetu anaweza kuwa na baba ishirini, na hakuna anayeuliza yupi ni yupi. Kwamba swali lenyewe kwetu ni matusi. Nilipomaliza nilijipigia makofi. Nikaituma bila kumwonyesha mtu.

Jibu lilikuwa la mistari michache. Kwa kuwa, kwa ushahidi wa mkalimani mwenyewe, lugha ya mwombaji haitofautishi wahusika, maneno ya mwombaji hayawezi kuthibitisha ni nani huyu anayeombewa. Faili limefungwa.

Nilimpelekea Mama Tabitha jibu hilo nyumbani kwake Cedar Hill. Akavaa miwani, akasoma barua yangu kwanza, kisha yao. Akavua miwani.

"Ishirini, Chumvi? Ishirini?"

"Nilitaka waelewe, Mama."

"Angetosha mmoja."

Vijana, mnaposikia nimehama Dallas kwenda Houston kwa sababu ya joto la baharini kwa ajili ya magoti yangu, hiyo ni chumvi. Nilikimbia. Nilipakia gari nika-drive kusini kwa saa nne na ushee, na katika njia yote hiyo nilikuwa najifunza kusema baba mdogo kwa Kiingereza. Ndugu mdogo wa baba yake. Kwa Kiingereza ni maneno manne. Nilikuwa nayo yote manne, muda wote.

Houston nilipata kazi katika ofisi ya wakalimani pale Gulfton, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Chini, mabasi na vyumba vya kupanga vilivyosongamana hadi kamba za nguo zinasalimiana. Juu, chumba cha kusubiria simu: viti sita, birika la chai, na lugha zisizo na kazi nyingi. Wa Kihispania hawakukaa kamwe. Tuliokaa ni sisi wa pembezoni: mimi, Ilona, bibi wa Kihungaria, zamani mkutubi, mwembamba kama alama ya mshangao, na Rashadi, mtu wa Azerbaijani aliyekuja kwa mambo ya mafuta akaachwa na mafuta. Kiingereza chetu sote watatu kilikuwa cha kuazima, kwa hiyo tuliheshimiana.

Siku moja mama mmoja Mrundi alipita na mtoto mgongoni, mtoto analia, mama anambembeleza: "Tulia baba, tulia." Ilona akaruka kitini.

"Amemwita mtoto *baba*! Hata ninyi?"

"Hata sisi nini?"

"Kwetu baba ni mtoto mchanga. Na mwanasesere wa kuchezea pia ni baba. Marehemu mume wangu akinibembeleza aliniita babám, mtoto wangu, kijana huyo mwongo. Ukivuta ile a ya kwanza, bába, huyo ni mkunga, neno tulilochukua kwa majirani Waslavi. Lakini lile fupi ni letu, ni la kwenye susu ya mtoto mchanga."

"Acheni utani," Rashadi akasema kutoka kwenye birika. "Baba ni babu. Mzee. Mwenye ndevu. Ukoo wote unaanzia kwa baba."

"Na aliyekuzaa je?"

"Huyo ni ata."

"Mmemnyang'anya mtoto neno lake mkampa mzee wa ndevu!"

"Bibi, sisi tulikuwa nalo kwa mnyororo mzima wa mababu. Wataalamu wetu wanagombana tu kama lilitoka kwa Waajemi au kwa Waturuki."

"Halikutoka kwa yeyote," Ilona akasema. Akaweka kikombe chini, akagonganisha midomo yake mikavu: ba, ba. "Mtoto anajaribu midomo. Hamwiti mtu. Hajui hata kama kuna watu. Wakubwa wanasimama kuzunguka kitanda, kila mmoja anasema: ni mimi huyo, ameniita mimi! Kwenu baba akasukuma wengine akafika mbele. Kwa Rashadi, babu. Kwetu tulikuwa waungwana, tukamwachia mtoto."

Tulicheka mpaka fundi wa matairi akagonga dari. Nami katika kucheka nikawasimulia habari ya Esperansi. Nilidhani nitaisimulia kama mkasa wa kazini, tucheke na hilo. Nilipofika kwenye "baba alikufa, baba yuko kambini" hakuna aliyecheka.

Rashadi akauliza, "Huyo ndugu wa baba, hamna neno lake peke yake? Sisi tunasema əmi."

"Mnasema nini?"

"Əmi. Tulilipata kwa Waarabu."

Kikombe kilinitoka mkononi. Ami! Tanga tunasema ami. Mama yangu mzazi alimwita hivyo ndugu wa baba yake, kila Idi, kila msiba. Na sisi tulilipata kwa Waarabu. Neno la pwani, Mrundi wa kambini hakulazimika kulijua. Lakini mimi nililijua. Kama ningejiuliza mwenyewe kichwani mwangu, huyu anayesemwa ningemwitaje nyumbani, lingekuja. Ilibidi mtu wa Azerbaijani, juu ya duka la matairi, anirudishie neno la mama yangu.

"Kwa hiyo mlikuwa nalo," Rashadi akasema.

"Tulikuwa nalo."

Ilona alichukua kitambaa akapangusa chai sakafuni, ingawa magoti yake yalikuwa mabovu kuliko yangu. Simu ya Kihungaria ikalia, ya kwanza wiki ile, akaondoka.

Mama Tabitha alinipigia kipupwe kilichofuata. Hakuniita Chumvi, aliniita kwa jina langu, nikajua. Yule mtu wa kambini kifua kilimzidi. Esperansi na Warundi wenzake walimfanyia misa ya marehemu. Nikamuuliza Mama kama niende. Akasema, "Ukienda, utamwambia nini?" Nikafikiri. Kila nilichofikiria kilikuwa au kifupi mno au kirefu mno. Sikwenda.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nimewasemea wanaozaa na wanaokata roho. Nimefundisha wengi wenu, na mnakumbuka kwamba kabla ya somo la bomba nilianza na sentensi ya kufafanua, mkaniona mzee msahaulifu anayerudia jambo lile lile. Sikuwa nimesahau. Niliwafundisha ili mwingine yeyote asipate nilichopata, lakini ukweli niuseme, kila mlipoinua mikono yenu darasani mkaisema sentensi ile kwa urahisi, vijana wa miaka ishirini, roho yangu ilikuwa inashuka. Ni rahisi hivyo. Msidhani mtu hupona kwa kufundisha. Anafundisha tu.

Wiki yangu ya mwisho walinituma kliniki ya watoto hapo hapo Gulfton, kazi nyepesi, chanjo. Nikavuta pazia. Aliyekaa na mtoto mapajani alikuwa Esperansi. Amenenepa kidogo, ana miwani. Baadaye nilielewa kwamba mumewe ni dereva wa lori, walihamia Houston karibuni. Alinitazama. Nikaona amenijua.

"Shikamoo, mkalimani," akasema.

"Marahaba." Neno mwanangu halikutoka.

Nesi alisoma jina la mtoto kwenye karatasi: Sikstus. Akaanza maswali yake, mzio, usingizi, choo. Mimi na daftari langu. Kisha akauliza kama katika familia kuna aliyewahi kuugua kifua.

"Baba alikufa kwa kifua," Esperansi akasema.

Nilichora kofia, nikaweka msalaba. Halafu nikainua mkono. Nikasema kwa Kiingereza: mkalimani anaomba ruhusa kufafanua. Nesi akasema, "Bila shaka." Hakuinua hata kichwa. Nikamgeukia Esperansi:

"Mama, unaposema baba, ni baba wa huyu mtoto, ni baba yako mzazi, au ni baba mdogo?"

Alimfunga mtoto kifungo kilichokuwa tayari kimefungwa.

"Baba mdogo," akasema. "Sikstus."

Nikatafsiri: ndugu mdogo wa baba yake, aliitwa Sikstus. Nilitamani kuongeza, aliyemlea. Lakini hakuwa amelisema.

Esperansi akamwinamia mtoto, akasema taratibu, lakini si taratibu ya kutosikika: "Kumbe huwa mnaruhusiwa kuuliza."

"Amesema nini?" nesi akauliza.

Mnajua sheria. Kinachosemwa chumbani kinatafsiriwa, hata kikikuhusu. Nikatafsiri, neno kwa neno.

"Kuuliza nini?"

Nikaligeuza swali hilo kwa Kiswahili. Esperansi akatikisa kichwa. "Basi tu. Aendelee na kazi."

Nesi akaendelea. Akasafisha paja la mtoto, akachoma. Mtoto akaangua kilio, na mama yake akamkumbatia akimyumbisha: "Pole baba. Nyamaza, baba. Nyamaza, baba yangu."

Nesi akanigeukia akitabasamu, anasubiri Kiingereza chake. Nikampa lile lile nililompa ofisa. Pole, baba. Nyamaza, baba yangu. Sikuwa na jingine. Akacheka, mama wa watu, bila ubaya. "Baba? Huyu mdogo hivi?"

Nikatafsiri. Esperansi akainua uso juu ya kichwa cha mtoto, akanitazama mimi, si nesi, kama alivyonitazama Dallas, ila sasa hakuwa akitafuta mtu.

"Mwambie," akasema. "Baba alikufa. Baba yuko hapa."

Nikamwambia. Nesi akaweka kalamu chini.